Swali Lililomsubiri Muhammad Ali Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliokubali kuitoa Jumamosi yenu kwa ajili ya mambo yaliyotokea kabla hamjazaliwa: shikamooni walio wakubwa, na wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie michezo na siasa katika historia ya Marekani ya karne iliyopita. Mada hiyo ni bahari, na mwenye ngalawa ndogo huambaa na ufuko. Kwa hiyo nitaomba ruhusa nishike safari moja tu, iliyochukua siku chache mno, ambayo bondia Muhammad Ali aliifanya barani Afrika mwezi Februari 1980 akiwa mjumbe wa Rais Jimmy Carter wa kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow, na ambayo kituo chake cha kwanza kilikuwa jiji hili tulilomo. Safari hiyo husimuliwa mara nyingi kama kichekesho: bondia aliyetumwa kufanya kazi ya mabalozi, akaulizwa maswali magumu, akachanganyikiwa. Mimi sioni kichekesho. Naona mtu aliyekutana ugenini na swali ambalo yeye mwenyewe, miaka 13 nyuma yake, alikuwa ameiuliza nchi yake, na kwa kuliuliza akapoteza karibu kila alichokuwa nacho.

Ili tulielewe swali hilo, hatuna budi kwenda kwanza Houston, jimbo la Texas, asubuhi ya tarehe 28 Aprili 1967. Katika kituo cha jeshi cha kupokea vijana walioitwa kwa mujibu wa sheria, walioitwa walipangwa mstari, na kila aliyetajwa jina alitakiwa kupiga hatua moja mbele. Hatua hiyo ndiyo iliyomgeuza raia kuwa askari. Lilipotajwa jina la Cassius Marcellus Clay, ambalo mwenyewe alikwisha kuliacha tangu mwaka 1964, bingwa wa dunia wa uzito wa juu alibaki amesimama palepale. Ofisa alimwita pembeni akamweleza kwamba kukataa ni kosa la jinai, na kwamba adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka mitano pamoja na faini ya dola 10,000. Akarudishwa kwenye mstari, jina likatajwa tena. Hakusogea. Mtu ambaye dunia nzima ilimsifu kwa miguu isiyotulia ulingoni, tendo lake zito kuliko yote lilikuwa ni kutoinua mguu.

Siku hiyohiyo kamisheni ya ngumi ya jimbo la New York ilimnyang'anya leseni, na ubingwa wake ukaondolewa. Tarehe 20 Juni mahakama ilimtia hatiani na kumpa adhabu ya juu kabisa, miaka mitano na dola 10,000, naye akakata rufaa akiwa nje kwa dhamana, bila leseni ya kupigana nyumbani na bila pasipoti ya kwenda kupigana nje. Alikuwa na umri wa miaka 25. Alipopanda tena ulingoni, Atlanta, mwezi Oktoba 1970, alikuwa na miaka 28, na wajuzi wa ngumi husema kwamba ile miaka mitatu na nusu ndiyo iliyokuwa asali ya mwili wake. Mahakama ya Juu iliifuta hukumu hiyo tarehe 28 Juni 1971 kwa kura 8 kwa 0. Jaji wa tisa, Thurgood Marshall, alijiweka kando kwa kuwa alikuwa mwanasheria wa serikali wakati kesi inaanza. Huyu ni Marshall yuleyule ambaye mwaka 1960 alikwenda London kuwashauri wajumbe wa Kenya kwenye mazungumzo ya katiba ya Lancaster House. Dunia ya siku zile ilikuwa kijiji kuliko tunavyodhani.

Hoja ya Ali ilikuwa nini? Mbele ya sheria ilikuwa hoja ya dini, kwamba imani yake ya Kiislamu haikumruhusu kushiriki vita ile ya Vietnam. Mbele ya watu, hata hivyo, aliisema kwa namna ambayo hata mtoto aliielewa: kwa nini avuke bahari akawapige Wavietinamu, watu wasiomkosea lolote, kwa amri ya taifa ambalo mtu mweusi wa Louisville, mji wake wa kuzaliwa, bado alinyimwa haki ndani yake? Naomba tuiweke hoja hiyo akibani. Anayeniagiza nikapambane na mtu, yeye mwenyewe amesimama wapi katika jambo langu?

Mwishoni mwa mwaka 1967 swali hilo lilitoka ulingoni likahamia uwanja wa riadha. Vijana weusi wa Chuo cha San Jose, California, wakiongozwa na mwalimu kijana aitwaye Harry Edwards, walianzisha harakati ya kushinikiza haki za binadamu kwa njia ya Olimpiki. Picha ya wakimbiaji weusi wa Marekani, Tommie Smith na John Carlos, juu ya jukwaa la washindi huko Mexico, Oktoba 1968, ngumi zao zilizovikwa glavu nyeusi zikiwa juu na miguu yao ikiwa na soksi bila viatu, mmeiona wote na sitaieleza sana. Kisichosemwa sana ni orodha ya madai yao. Ndani yake walitaka Muhammad Ali arudishiwe ubingwa, na papo hapo walitaka Afrika Kusini na Rhodesia, Zimbabwe ya leo, zizuiwe kushiriki michezo ya kimataifa. Mwezi Februari mwaka huo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuwa imewafungulia mlango Makaburu. Nchi za Afrika zikatishia kutokwenda Mexico, wanariadha weusi wa Marekani wakatishia vilevile, na kabla ya Aprili kwisha mlango ukafungwa tena. Kwa hiyo kamba ilivutwa na mikono ya pande mbili za Atlantiki, na mikono hiyo ilijuana.

Sasa tuje mwaka 1976. Mwezi Juni polisi wa Afrika Kusini waliwaua wanafunzi wa Soweto kwa risasi. Katika majira hayohayo timu ya raga ya New Zealand ilifunga mizigo yake ikaenda kucheza na Makaburu kana kwamba hapakuwa na lililotokea. Tanzania ilitangaza mapema kwamba haitakwenda Olimpiki ya Montreal iwapo New Zealand itakuwepo, na zaidi ya nchi 20 za Afrika zikafuata, baadhi ya vijana wakiwa wamekwisha kuwasili Kanada na kulazimika kufungasha upya. Gharama tuliijua. Filbert Bayi, kijana wa Karatu, alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mlio wa bastola na kumwacha nyuma yake John Walker wa New Zealand, ambaye naye siku ile alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Dunia nzima ilisubiri wawili hao wakutane Montreal. Bayi akabaki nyumbani, Walker akachukua dhahabu. Uchungu wa jambo hilo, kwamba mtu wa kwetu alikosa mbio kwa ajili ya kosa la raga ya nchi ya mpinzani wake, hauhitaji kupakwa chumvi.

Marekani katika hilo haikuwa nasi. Timu yake ilikwenda Montreal, ikashindana, ikarudi na medali zake. Hoja iliyosikika kutoka nchi za Magharibi wakati ule ilikuwa kwamba michezo isichanganywe na siasa.

Halafu, mwishoni mwa Desemba 1979, majeshi ya Urusi yakaingia Afghanistan. Tarehe 20 Januari 1980 Rais Carter alitoa muda wa mwezi mmoja: majeshi hayo yasipoondoka, Marekani itataka michezo ya Moscow ihamishwe, iahirishwe au isusiwe. Ghafla michezo na siasa vikawa ndugu wa tumbo moja. Siwasemi Wamarekani kwa ubaya, kwani kila serikali duniani hugundua siasa ndani ya michezo siku inapopata haja nayo, na yetu haikuwa tofauti. Ila ratiba yao ilikuwa na kejeli yake. Mwezi uleule wa Februari Marekani yenyewe ilikuwa mwenyeji wa Olimpiki ya majira ya baridi huko Lake Placid, jimbo la New York. Waziri wake wa mambo ya nje, Cyrus Vance, aliwahutubia wajumbe wa Kamati ya Kimataifa akiwataka waihamishe michezo ya Moscow, na wajumbe wakakataa. Tarehe 20, siku ya mwisho ya muda aliotoa Carter, Warusi walikuwa palepale Lake Placid wakicheza, na siku mbili baadaye vijana wa vyuo vya Marekani wakaifunga timu ya Urusi mabao 4 kwa 3 katika magongo ya barafuni, nchi nzima ikalipuka kwa shangwe. Shangwe hiyo isingekuwepo kama Mrusi naye angesusa.

Ni katika hali hiyo ndipo Ikulu ya Marekani ilipomkumbuka Ali. Alikuwa na miaka 38, ametangaza kustaafu, na yuko India kwa shughuli za hisani. Ukiitazama hesabu ya waliomchagua, ilionekana nzuri kwenye karatasi: ni mweusi, ni Mwislamu, alikwisha kuzuru Ghana, Nigeria na Misri mwaka 1964, na tangu usiku ule wa Oktoba 1974 alipomwangusha George Foreman katika raundi ya nane mjini Kinshasa, hapakuwa na jina la Mmarekani lililopendwa zaidi barani Afrika. Yeye naye alikubali kwa moyo mweupe, kwa kuwa uvamizi wa nchi ya Waislamu ulimuuma kweli. Serikali ikampa ndege na maofisa wa kufuatana naye. Kilichosahauliwa ni kumweleza anakwenda kwa nani.

Alitua Dar es Salaam mwanzoni mwa Februari. Watu walijaa uwanjani kumlaki, kwani ni Ali, na nani asingetaka kumwona Ali? Mapenzi hayo hayakuwa na shaka. Lakini Mwalimu Nyerere hakumpokea. Ujumbe huo wa ukimya ulikuwa mzito kuliko hotuba, na nadhani ulieleweka Washington: mkuu wa nchi anapotaka kuzungumza na mkuu mwenzake juu ya vita na amani, humtuma mtu wa kazi hiyo. Je, Carter angeweza kumtuma mcheza tenisi kwenda London kumshawishi Margaret Thatcher? Kwa Mwafrika ilionekana bondia anatosha. Hapo palikuwa na dharau, hata kama mwenye kuitenda hakuijua, na mwenye kubebeshwa aliijua kidogo zaidi baada ya kufika.

Ndipo yakaja maswali ya waandishi wa habari, nayo hayakuzunguka. Mwaka 1976 Afrika ilipoomba msaada dhidi ya ubaguzi wa rangi, Marekani ilikuwa wapi? Urusi unayotutaka tuisuse ndiyo inayowapa silaha wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Wewe aliyekutuma amewapa nini? Mkumbuke kwamba hiyo haikuwa hoja ya vitabuni. Ofisi za vyama vya ukombozi zilikuwa humuhumu mjini, wakimbizi walikuwa mitaani mwetu, na uchaguzi wa kuiondoa Rhodesia katika ramani ulikuwa umebaki wiki chache tu.

Ali alikasirika kidogo mwanzoni, akasisitiza kwamba yeye si kibaraka wa mtu na hakulazimishwa kuja. Kisha akafanya jambo ambalo mabalozi waliosomea kazi yao hawalifanyi: alikiri. Alisema mbele ya waandishi kwamba hakuwa ameambiwa kuhusu mwaka 1976 wala kuhusu msaada wa Warusi kwa wapigania uhuru, na kwamba angeijua historia hiyo yote pengine asingekuja. Kwa wanadiplomasia hiyo ilikuwa aibu. Kwangu mimi, hapo ndipo mtu wa Houston alipotokea tena chumbani. Alikuwa amesikia swali lake mwenyewe likisemwa kwa sauti nyingine: anayeniagiza nikamsuse mtu, yeye amesimama wapi katika jambo langu? Mwaka 1967 alilitoa yeye kwa serikali. Mwaka 1980 alikaa upande wa pili wa meza, akiwa amevaa joho la serikali ileile iliyotaka kumfunga, na kwa kuwa alikuwa mkweli hakuweza kujifanya halimgusi.

Vituo vilivyobaki navipitia upesi. Nairobi palikuwa rahisi, kwa kuwa serikali ya Rais Moi ilikwisha kuamua kususa kabla mgeni hajabisha hodi. Nigeria ilikuwa na msimamo wake na ikapeleka timu Moscow. Senegal vilevile. Liberia ilikuwa upande wa Marekani, lakini tarehe 12 Aprili Rais William Tolbert alipinduliwa na kuuawa. Na, tazama mambo ya tarehe, siku hiyohiyo huko Colorado Springs kamati ya Olimpiki ya Marekani ilikuwa ikipiga kura ya kutowapeleka vijana wake Moscow.

Kura hiyo inastahili tuitazame, kwa sababu sisi huwa tunasema "Marekani ilisusa" kana kwamba Marekani ni mtu mmoja. Makamu wa Rais, Walter Mondale, alifika mwenyewe kuwahutubia wajumbe, na walijua kwamba wakikaidi wangekosa fedha na heshima, pengine hata pasipoti. Waliosema tususe walikuwa takriban theluthi mbili. Miongoni mwa waliokataa alikuwemo Anita DeFrantz, mpiga makasia mweusi aliyeshinda medali ya shaba Montreal na ambaye kitaaluma alikuwa mwanasheria. Yeye na wanamichezo wenzake waliishtaki kamati yao mahakamani, wakashindwa mwezi Mei. Edwin Moses, bingwa wa kuruka viunzi mita 400, ambaye kati ya mwaka 1977 na 1987 alishinda mashindano 122 mfululizo, alikaa nyumbani akiwa katika kilele chake. Waingereza, ambao Thatcher aliwabembeleza na kuwakaripia wasiende, walikwenda, na Sebastian Coe na Steve Ovett wakagawana dhahabu za mita 800 na 1,500. Majeshi ya Urusi hayakuondoka Afghanistan hadi Februari 1989.

Tanzania ilikwenda. Huko ndiko zilikopatikana medali mbili ambazo, hadi leo ninapozungumza, ndizo pekee tulizowahi kushinda katika Olimpiki, zote za fedha. Bayi, ambaye miaka ilikuwa imempita kwa mita 1,500, aliingia mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akazikimbia kama alivyokimbia Christchurch: mbele tangu mwanzo, peke yake, akiacha uwazi ambao mtazamaji aliuona hautazibika. Katika mzunguko wa mwisho miguu ikawa mizito. Bronisław Malinowski wa Poland alimfikia, akampita, akamaliza kwa dakika 8:09.70. Bayi alifuata kwa dakika 8:12.48. Wapo wanaosema alikimbia bila akili. Huwa nawajibu kwamba mtu aliyengoja miaka minne kwa ajili ya uamuzi wa taifa lake ana haki ya kukimbia kwa namna anayotaka.

Medali ya pili ni ya Suleiman Nyambui, wa pili katika mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo historia ya Marekani na yetu zinapofungana fundo ambalo hakuna mtunzi angethubutu kulifunga. Nyambui alikuwa mwanafunzi Marekani, katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, mpakani na Mexico. Hicho si chuo cha hivihivi. Mwaka 1966, kikiitwa bado Texas Western, kocha Don Haskins aliwaanzisha wachezaji watano weusi watupu katika fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo vya nchi nzima, wakaifunga Kentucky, timu isiyokuwa na mweusi hata mmoja, kwa 72 kwa 65. Miaka miwili baadaye wanariadha weusi wa chuo hichohicho, akiwemo Bob Beamon, walikataa kushindana na chuo cha Wamormoni kwa sababu ya mafundisho ya kanisa hilo juu ya watu weusi, wakaondolewa kwenye timu na kupoteza ufadhili wa masomo; Beamon alikwenda Mexico Oktoba hiyo akaruka umbali wa mita 8.90.

Katika njia ileile ya kukimbilia ndipo alipofanyia mazoezi kijana wa Kitanzania. Vyuo vya Marekani vilijaa wakimbiaji wetu wa Afrika Mashariki miaka ile. Mkenya Henry Rono, wa chuo cha jimbo la Washington, aliweka rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, na hakuwahi kukanyaga Olimpiki hata moja, kwa kuwa nchi yake ilisusa 1976 pamoja nasi, kisha ikasusa 1980 pamoja na Carter. Nyambui yeye alipata tundu la sindano. Wenzake wa Kimarekani waliobebwa na makocha walewale, waliokula bwalo lile lile, walizuiwa na serikali yao wasiende Moscow. Yeye alikwenda kwa bendera ya nchi iliyomkatalia bondia wao, akarudi Texas na medali ya fedha, akaendelea kukikimbilia chuo chake.